Bei ya Mwenye Nyumba Akiwepo

Mama Prezidanti hakuwahi kutaja bei akiwa amesimama. Mwenye nyumba wa Area 18, mtaa mmoja wa Lilongwe, angetufungulia geti, akatupeleka hadi garaji, akainua ule mlango wa bati kwa kelele, na kabla vumbi halijatulia angeuliza ni pesa ngapi. Yeye hakuwa na haraka. Aliomba kiti. Kiti kisipopatikana aligeuza ndoo, akaketi katikati ya matairi na friji bovu, akakunja mikono juu ya kitenge chake, akatazama. Alitazama kwa muda wa kupika chai na kuinywa. Bibi mmoja alininong'oneza akitaka kujua kama mwenzangu ana kifafa.

Akishatazama, aliuliza maswali matatu, nami nikayatafsiri kwa Kichewa.

"Gari iko wapi?"

"Nani njo alifunga huu mlango mara ya mwisho?"

"Na weye mwenyewe, siku ya kazi utabaki ama utatoka?"

Swali la tatu ndilo lililobeba bei. Mwenye nyumba aliyesema atatoka, ataenda zake kazini na kurudi jioni, alipata bei ya kawaida. Aliyesema atabaki alitajiwa bei hiyo na nusu yake juu, pamoja na chakula chetu cha mchana. Watu walikasirika. Walisema, mimi nikibaki si nitawasaidia? Si nitawaonyesha kipi ni cha kutupa? Mama Prezidanti aliwatazama kwa huruma ya kweli, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambako kutosha ni kutoa na bintu ni vitu.

"Mwambie, kutosha bintu bya humu ni kazi ya asubui moja. Kumutosha yeye mwenyewe katikati ya ibi bintu, ile njo kazi ya siku mbili."

Wengine walimtishia na vijana wa ganyu, wale vibarua wanaosimama kando ya barabara tangu alfajiri, ambao wangefanya kazi hiyo kwa robo ya bei yetu. Hakubishana. "Bale batabeba," alisema. "Sisi tutauliza." Kisha alisimama kana kwamba anaondoka, na mara nyingi hakufika getini.

Mwanzoni nilimwonea aibu, maana aliyetoa sauti ya bei hizo kwa Kichewa nilikuwa mimi. Niliona anawaibia watu kwa adabu. Nikabadili mawazo siku tuliyofanya kazi kwa bwana mmoja mnene, mtu wa ofisi, aliyekuwa na simu mbili na sauti ya kuamuru. Alibaki. Saa nne asubuhi tulifikia kibaiskeli cha mtoto chenye magurudumu matatu, akakichukua mkononi akisema anataka kukikagua, na saa tisa alikuwa bado amekishika. Mama Prezidanti alikaa naye kwenye ndoo nyingine, bila neno, akimpangusia kile kibaiskeli kwa ncha ya kitenge. Hapo nikaelewa ile nusu ya juu inalipia nini.

Jina lake nalijua, lakini hata yeye hakulitumia. Kwetu Bukavu mwanamke anayeongoza kina mama wa kanisa huitwa mama prezidanti, na cheo hicho kilimshika kuanzia Kongo hadi kambini Dzaleka, na kutoka Dzaleka hadi Chilinde, tulipopanga vyumba na kujitafutia riziki mjini. Chilinde ndiko alikoniokota. Nilikuwa na cherehani moja na wateja wawili, mmoja wao hanilipi. Alikuja kupunguziwa sketi, akanikuta naongea na jirani Kichewa kilichonyooka, akasahau sketi. Kesho yake nilikuwa Area 18, nimefunga kitambaa puani, nabeba mifuko ya saruji iliyogeuka mawe.

Tulikuwa wanawake watatu: yeye, mimi, na dada mmoja Mnyarwanda mwenye nguvu za ajabu na maneno machache kuliko jiwe. Wa nne alikuwa dereva wa pikapu, Mmalawi mpole, aliyekuwa akipeleka vya kutupwa jalalani. Sisi wawili tulivaa nguo kuukuu. Mama Prezidanti alivaa kitenge cha umoja wa kina mama, sare nzima, na kilemba, hata siku ya kufukua garaji lililovuja mafuta ya gari. Nilimwambia anaiharibu nguo nzuri bure.

"Bakikuona na matambara," alinijibu, "batakulipa matambara."

Alikuwa na ukali uliochosha. Hakusifu mtu. Ukibeba meza peke yako, alikuuliza kwa nini hukubeba na kiti. Kwenye minibasi alichukua nafasi ya dirisha hata kama umeitangulia. Kwaya ya kanisa ilimwogopa kuliko ilivyomwogopa mchungaji. Lakini hakuna koti lililotupwa kabla hajaingiza mkono kwenye kila mfuko, na alichokikuta alikirudisha, iwe noti, iwe kifungo cha shati. Nilishuhudia akimkabidhi mama mmoja mwenye nyumba kifungo kimoja, kwa mikono miwili, kama anatoa sadaka. Yule mama alikipokea huku akicheka. Mama Prezidanti hakucheka.

Lugha ya nchi hii alikataa kujifunza. Alikuwa na maneno manne. "Zikomo" lilikuwa la kushukuru, "bwanji" la kujulia hali, na mawili yaliyobaki yalikuwa ya getini. Hapa Malawi ukifika kwa mtu unapaza sauti, "Odi!" Aliye ndani anauliza, "Ndani?", yaani ni nani, nawe unajibu, "Ndine," yaani ni mimi. Aliyasema vizuri hayo mawili, odi na ndine, kwa sauti kubwa, maana maisha yetu yote yalikuwa ya kubisha kwenye mageti ya watu. Zaidi ya hapo alikuwa na nadharia yake. Aliamini Kichewa ni Kiswahili kilichokunjwa vibaya.

"Sikiliza," aliniambia sokoni Chilinde, akihesabu kwa vidole. "Nyumba, banasema nyumba. Moto, banasema moto. Nyama, banasema nyama. Sasa iko nini ya kujifunza pale?"

Nilimcheka sana. Mimi ndiye niliyekuwa mjuzi. Niliongea Kichewa na polisi, na madalali, na wauza nyanya, na nilijivunia kwamba simu ikipigwa hawajui mimi ni mkimbizi mpaka nitaje jina. Nayaeleza haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kusimulia halikufanywa na yeye asiyejua lugha. Nililifanya mimi. Yeye alilibeba, nami nikamwacha alibebe kwa miaka.

Kazi yetu ilikuwa na mpangilio wake. Alichora chaki sakafuni, mistari miwili, garaji likapata vyumba vitatu. Kushoto ni vya kubaki, kulia ni vya kutoka. Katikati ni vile ambavyo hakuna ruhusa ya kuvigusa mpaka mwenyewe ameulizwa. Kuweka kitu pale katikati alikuita kutenga, neno la kanisani, alilolipenda kwa sababu kwake lilikuwa na heshima: kitu kilichotengwa hakichezewi. Basi siku nzima garaji lilijaa neno hilo. Tenga hii picha. Tenga ile valizi, haina ufunguo. Mnyarwanda alitenga, mimi nilitenga. Vitu vikikaa pale katikati, hata panya tuliwafukuza.

Nyumba ya yule mzee ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, ukuta wa rangi ya maziwa. Sisi tulimwita Bambo tu, kama Wamalawi wanavyomheshimu mwanaume mtu mzima. Binti yake ndiye aliyetuita. Alikuwa amenunua gari na alitaka kuliingiza ndani, jambo ambalo katika magaraji yote tuliyosafisha lilikuwa jipya kwetu. Tulipouliza kama mwenye nyumba atabaki au atatoka, binti alisema yeye yuko kazini. Mzee, aliyekuwa amesimama nyuma yake bila viatu, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nitakuwepo." Binti alilalamikia ile nusu ya juu, lakini alikubali.

Bambo alikuwa mrefu, mkimya. Ujanani alikwenda Joni, ndivyo wanavyoiita Afrika Kusini, akachimba dhahabu miaka mingi huku mkewe amebaki nyumbani. Mkewe alikuwa akimwandikia. Barua zote alirudi nazo, akazitia kwenye mkebe mkubwa wa biskuti wenye picha ya farasi kwenye kifuniko, na mkebe ukakaa garajini juu ya rafu. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla hatujafika. Tangu mazishi hakuwa amezifungua. Siku ya kwanza ya kazi aliniambia mpango wake, nami nikaufasiri: garaji likishasafishwa, kabla gari la binti halijaingia, ataweka kiti hapa mlangoni penye mwanga, atavaa miwani, atazisoma tangu ya kwanza.

Mama Prezidanti alisikiliza hadi mwisho. Aliuchukua mkebe kwa mikono yake miwili, akauweka katikati, peke yake. "Huu umetengwa," alisema.

Siku ya pili mchana Bambo aliingia ndani kula nsima, ndio ugali wao, na Mama Prezidanti alikuwa nyuma ya garaji akipekua mifuko ya makoti. Dereva, aliyezoea kungoja nje kwenye pikapu, alikuwa ameingia kumsaidia Mnyarwanda kutoa friji, zito, wamelibeba kinyumenyume, na nikaona kisigino cha dereva kinaelekea kwenye mkebe. Kingeukanyaga. Nikapiga kelele, nikinyoosha kidole, "Tenga! Tenga!" Akageuka, akauona mkebe, akatua friji. Akasema, "Zikomo." Akauchukua, akauweka kwenye pikapu pamoja na vya kutupwa, akarudi kwenye friji.

Sikumwona akiuweka. Nilikuwa nimeshageukia makopo ya rangi. Nami mjuzi wa Kichewa, ninayeongea na polisi, sikukumbuka kwamba kwa lugha yake tenga maana yake ni chukua. Alifanya nilichomwambia. Hata alishukuru.

Saa kumi garaji lilikuwa jeupe. Bambo alitoka na kiti na miwani. Alisimama pale katikati kwenye mistari ya chaki, akatazama chini, akatazama rafu, akatutazama sisi. Kiti kilimponyoka.

Binti alikuwa amefika muda huohuo na gari lake jipya. Alipoelewa kilichotokea alianza kupiga kelele, na kelele zake zilikuwa na neno wezi, na neno wakimbizi, na neno polisi. Alimshika dereva. Dereva, maskini, akasema ukweli: mmoja wa hawa mama ndiye aliyemwambia tenga. Binti akatugeukia.

"Ndani?" akauliza. Nani?

Wakati ule wakimbizi walikuwa tayari wanaambiwa wasikae mjini, na mtu akipelekwa polisi kwa neno la wizi hakurudi tena Chilinde kwake. Nilifikiria cherehani yangu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa yule mzee. Na kabla sijameza mate, Mama Prezidanti alipiga hatua moja mbele, kilemba chake kimenyooka, akasema kwa sauti ileile kubwa ya getini:

"Ndine."

Hatukupelekwa polisi. Binti alimtazama yule mwanamke mwenye sare ya kanisa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akatufukuza bila malipo. Mama Prezidanti hakurudi nyumbani. Alipanda pikapu, akaenda jalalani na dereva. Kule kuna watu wanaoishi kwa kuokota, na mizigo haikai. Alirudi jioni na mkebe. Mama mmoja mwokotaji alikuwa ameshaubeba, akamuuzia. Barua zilikuwa zimeshawashiwa moto wa kupikia.

Kesho yake aliupeleka mkebe kwa Bambo. Alikwenda peke yake, mimi nilisema nina nguo za mteja. Aliporudi alinikuta barazani napepeta mchele, akaketi.

"Nilimupatia," alisema. "Alitikisa hivi, karibu na sikio. Akanirudishia. Akasema tengani." Akakung'uta vumbi la njia kwenye kitenge. "Sasa ile tengani, ni kwa yetu ama kwa yao?"

Ungo ulisimama mkononi mwangu. "Kwa yao, Mama. Alisema chukua."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Niliona anavyorudi nyuma katika akili yake, siku moja, hadi kwenye friji na kelele yangu. Alichukua ungo, akaendelea kupepeta pale nilipoishia.

Habari zilifika kanisani kabla ya Jumapili, zikiwa zimenona njiani. Mama Prezidanti ameiba sanduku la pesa la mzee Mmalawi. Mama Prezidanti amekiri mwenyewe. Mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa umoja wa kina mama, wakamchagua mwingine. Area 18 hatukuitwa tena, tukahangaikia stoo ndogo za watu wa karibu. Siku ya uchaguzi nilisema naumwa. Nililala kitandani mchana kutwa bila ugonjwa wowote, nikisikia kwaya kwa mbali.

Jambo la kuchekesha, kama lipo, ni kwamba hakuna aliyeacha kumwita Mama Prezidanti. Hata yule aliyemrithi alimwita hivyo.

Nilikuwa na namna yangu ya kujifariji, na niliitunza vizuri. Nilijiambia hakujua alichokuwa anajibu. Maskini, ana maneno manne. Amesikia "Ndani?", amejibu "Ndine", kama anavyojibu kwenye kila geti kila siku. Niliyarudia hayo mpaka yakawa karibu kweli. Kuna siku niliwasimulia wengine kama kichekesho, wakacheka, nami nikacheka.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alikwenda kwa Bambo. Hakuna aliyemtuma. Binti alimzuia getini mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu mzee mwenyewe alitoka kumfungulia. Walikaa garajini, maana gari la binti lilikuwa refu kuliko garaji, likaishia kulala nje. Mzee aliongea Kichewa. Mama aliongea Kiswahili. Nilimuuliza wanaelewana vipi.

"Anasema habari ya bibi yake wa zile barua. Nyumba, maji, moto. Mi naitika."

Aliniomba tuende wote, nimtafsirie, kwa sababu kulikuwa na maneno ambayo mzee aliyarudia sana na yeye hakuyapata. Nikasema nina nguo za mteja. Aliniomba tena mwaka uliofuata. Nikasema nguo. Mara ya tatu hakuniomba.

Kisha tukaamriwa sote kurudi kambini. Tukaacha vyumba vya Chilinde, tukapanda na magodoro yetu hadi Dzaleka. Kutoka Dzaleka kwenda Lilongwe ni safari ya karatasi ya ruhusa, kutembea au kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kubwa, na minibasi isiyojaa haraka. Aliendelea kwenda. Alikosa miezi, lakini aliendelea.

Na huko Dzaleka ndiko nilikoijua nyumba yake vizuri, nikacheka hadi machozi. Huyu mwanamke aliyewafundisha matajiri kuachana na vitu alikuwa na chumba ambacho ungehitaji kuingia kwa ubavu. Kulikuwa na kufuli zisizo na funguo, na kopo la funguo zisizo na kufuli. Kulikuwa na sufuria zisizo na mishikio, redio mbili zilizokufa, mwavuli wenye mbavu tupu, na nusu ya mlango. Alichopewa mahali popote tangu tuanze kazi, alikibeba. Nilimuuliza angejitoza bei gani yeye mwenyewe. Alinifukuza na ufagio.

Mwaka huu jina lake lilitoka. Ndivyo tunavyosema kambini mtu akikubaliwa kuhamia nchi ya mbali: jina limetoka. Amesubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wiki moja kabla ya safari alinitumia ujumbe kwa mtoto wa jirani, kwamba ana kazi, na niende na kitambaa cha pua.

Nilimkuta amevaa sare, kitenge kilekile, kimefifia hadi maandishi hayasomeki. Valizi moja ya nguo ilikuwa wazi kitandani. Niliomba kiti. Hakukuwa na nafasi ya kiti, nikageuza ndoo, nikaketi, nikakunja mikono, nikatazama. Alielewa, akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Gari iko wapi?" nikamuuliza.

"We mutoto, nitakupiga."

"Utabaki ama utatoka?"

Alitazama kile chumba chote, kufuli na redio na nusu ya mlango. Kicheko kikamtoka usoni. "Leo nitabaki," akasema. "Kutoka ni siku ya Tano."

"Basi ni bei ya mwenye nyumba akiwepo."

"Minajua. Mi njo niliifundisha."

Tulifanya kazi tangu asubuhi, na ilikuwa kama alivyosema siku zote. Vitu vilitoka haraka, yeye ndiye aliyechelewa. Mwavuli ulichukua nusu saa. Nilikaa naye. Nilimpangusia alivyotaka vipanguswe. Mchana nilivuta maboksi ya chini ya kitanda, na kwenye boksi la mwisho, limefungwa kwa kitambaa safi, ulikuwepo mkebe wenye picha ya farasi.

Sikupanga kusema. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na mkebe mapajani, nikasikia maneno yanatoka.

"Mama. Siku ile kwa Bambo. Ni mi njo nilisema tenga."

"Minajua. Masikio yangu haikuwa na vumbi."

"Mi nilikuwa nafikiri ulijibu tu. Vile bantu banajibuka ku mlango."

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto na mtu mzima.

"Mlango gani? Tulikuwa tayari ndani."

Nililia. Sioni sababu ya kulificha hilo. Nililia kwa sauti, na yeye hakunibembeleza, aliendelea kukunja blanketi.

"Weye ulikuwa unatetemeka," alisema baadaye. "Mwenye kutetemeka, polisi banamubeba. Mi nilikuwa na kitenge. Lakini nilifikiri utasema kesho yake. Nikangoja. Siku ya uchaguzi nikaangalia mlango wa kanisa, nikasema sasa atakuya. Haukuya." Alibonyeza blanketi ndani ya valizi kwa ngumi. "Nilikukasirikia, usidanganyike. Nilikukasirikia miaka. Sasa valizi iko na kilo zake, siwezi kubeba na ile."

Nje watoto walikuwa wanachota maji na kugombana. Nilipomaliza kufagia nilimuuliza bei yangu, kwa mzaha, nikitafuta njia ya kurudisha sauti yangu. Hakufanya mzaha. Aliuchukua mkebe kutoka sakafuni, akaupangusa kifuniko, akanishikisha kwa mikono miwili, kama alivyoshika kile kifungo.

"Tenga," akasema.

Ilinibidi nimuulize. "Kwa yetu, Mama, ama kwa yao?"

"Kwa yao. Jumamosi njo siku yake. Haone tena vizuri, anajuaka muntu kwa sauti, ongea na nguvu. Na chai yake usimubekee sukari, binti yake anakatazaka."

Aliondoka hiyo siku ya Tano, yaani Ijumaa, basi limejaa, amekaa dirishani, na simjui aliyenyang'anywa nafasi hiyo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilipata karatasi ya ruhusa, nikapanda minibasi na mkebe mapajani. Barabara ya Area 18 imetiwa lami, nusura nipotee. Ukuta bado ni wa rangi ya maziwa. Gari la binti, sasa limezeeka, lilikuwa limelala nje. Kwa juu ya geti niliona mlango wa garaji umeinuliwa, na ndani viti viwili, kimoja kina mtu.

"Odi!" niliita kwa nguvu.

Yule mtu aliinua kichwa, akageuza sikio upande wangu. Alisubiri kidogo. Nadhani alisubiri sauti nyingine.

"Ndani?" akauliza.

Najua Kichewa kingi. Njia nzima nilikuwa nimepanga sentensi ndefu, zenye heshima, zenye maelezo ya lugha mbili na neno moja. Zote zilinitoka kichwani nikabaki na moja ya yale maneno manne ya Mama.

"Ndine," nikasema, na nikamsikia anainuka kuja kufungua.